Ndugu Ambaye Shangazi Hakumwigiza

Mimi ni fundi wa madishi ya televisheni. Napanda juu ya bati la mtu, naelekeza dishi, nauliza kwa sauti kutoka huko juu, "Imekuja?" Ndani wanajibu, "Bado!" Nasogeza kidogo. "Imekuja!" Nashuka, nalipwa, naondoka. Nimeifanya kazi hii kuanzia Tunduma mpaka vijiji vya mbele ya Iringa na sijaichoka, kwa sababu hakuna bati linalokutaka ukae juu yake. Chumba nimepanga Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya. Majirani zangu pale wakiulizwa habari zangu husema, "Yule wa begi? Atakuwa safarini," na mara nyingi huwa hawakosei.

Lakini kwetu hasa ni Kihesa, Iringa, nyumbani kwa shangazi. Baba yangu alikuwa dereva wa malori na mama alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea pamoja na binti yake mmoja. Huyo binti namwita dada. Tumekula sahani moja na kugombania mnofu mmoja, jina jingine halimfai.

Shangazi alikuwa anaweza kuwa mtu yeyote. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Akiamua kuwa mjomba wa Mafinga, aliyekuwa na tabia ya kusalimia mbuzi wa nyumba kabla ya wenye nyumba, alikuwa mjomba wa Mafinga kuanzia kisigino. Akiwa bibi mdogo wa Njombe, anayecheka kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa, ulikuwa unatafuta bibi ameingilia mlango gani. Akiwa baba mdogo, alihesabu viti vyote vya sebule kwa macho kabla ya kuchagua kimoja, kisha akakaa kwenye kingine.

Na mimi aliniigiza. Kila nikirudi kutoka safari zangu, kabla sijafungua mdomo, aliinuka kwenye kigoda, akatundika kanga begani kama begi, akaegemea nguzo ya geti kwa mguu mmoja huku anatazama barabarani. "Kamwene, kamwene," alisalimu Kihehe kwa sauti yangu, "siketi, gari linaniacha." Dada alicheka mpaka akashika mlango. Hapo ndipo niliporuhusiwa kusema, "Shikamoo shangazi," naye akajibu, "Marahaba baba." Ananiita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake.

Sasa, mwaka juzi, mwezi wa sita, baridi ya Kihesa ikiwa imekaza, nilifika jioni nikasimama getini kusubiri maonyesho yangu. Shangazi alikuwa palepale kwenye kigoda. Alinitazama kwa jicho moja. La pili kope lilikuwa limeshuka nusu, kama pazia lililokatika kamba upande mmoja.

"Pita ndani," alisema. "Chai ipo."

Ni hayo tu. Nilisimama pale getini na begi langu nikijiona kama mgeni.

Kulikuwa na sababu ya kipaji kile kuwa kitu kikubwa kwetu. Ukoo wetu ni mpana na umetawanyika, na nyumba ya shangazi ndiyo ilikuwa nyumba ya sherehe zote: harusi, kipaimara, shukrani za mavuno. Siku hizo sisi watoto tulisimamishwa getini. Ndugu akija, tumpokee mzigo na kumwingiza kwa jina lake. Asiyejulikana akija, tusimguse, tukimbie kumwita mtu mzima, kwa maana Kihesa ya wakati ule ilikuwa na wazamiaji hodari ambao wangeweza kula kwenye harusi na bado wakalaumu pilau. Tatizo ni kwamba ndugu wengi tulikuwa hatujawahi kuwaona. Basi wiki ya sherehe shangazi alituita jikoni, akawa mmoja baada ya mwingine wa ndugu hao, akatuuliza, "Mimi nani?"

Mtoto aliyekodoa macho tu bila kujibu lolote, hata baada ya kuonyeshwa, alitolewa. "Huyu hata akipitiwa na tembo hatasema. Kamenye viazi." Mtoto aliyepandwa na mori naye alitolewa. Tulikuwa na binamu mmoja ambaye mjomba wa Mafinga aliwahi kumfinya sikio. Shangazi akianza tu ule mwendo wa mjomba, binamu alimrukia na mwiko. "Huyu atanipigia ndugu zangu. Viazi." Waliobaki ni wale waliosema taratibu, "Mjomba wa Mafinga, karibu mjomba," wakampisha. Hao ndio walipewa geti. Walikuwa wachache. Nyumba ile siku ya sherehe ilikuwa na viazi vilivyomenywa vingi kuliko wageni.

Ndugu mmoja tu hakuwahi kuigizwa: baba mkubwa, kaka yao wa kwanza. Alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri na miaka hiyo alikuwa mbali, upande wa Songea. Shangazi alimheshimu kiasi kwamba hata jina lake alilitaja akiwa ameacha kazi ya mikono. Kumwigiza mbele ya watoto ingekuwa utovu wa adabu, na hakuna aliyefikiri habari hiyo mara mbili.

Akaja kwenye harusi ya baba mdogo. Alikuja kwa miguu kutoka stendi, koti limejaa vumbi, Biblia kwapani. Siku hiyo getini alikuwa dada.

"Wewe wa nani?" dada aliuliza.

Baba mkubwa alikohoa mara mbili, akamtazama juu ya miwani. "Mimi ni wa hapahapa. Ndiyo au siyo?"

"Siyo," dada alisema. "Wa hapahapa tunawajua wote."

Akafunga geti. Akaita, "Mama! Mzamiaji!" Na sisi wengine, ambao kazi yetu ilikuwa kukaa kimya, tukaja na vijiti tukipiga bati na kuimba mzamiaji, mzamiaji. Baba mkubwa alikaa juu ya jiwe nje ya geti, akaweka Biblia magotini, akatulia. Shangazi alitoka jikoni na unga mikononi, akaona ni nani, akapiga magoti palepale barabarani.

Baba mkubwa aliingia, akala, akaomba sala ndefu sana juu ya chakula kilichokuwa kinapoa. Baada ya hapo hakuja tena kwenye sherehe ya Kihesa. Misiba alikuja, sherehe hapana. Dada hakupewa geti tena peke yake. Shangazi alimpa kazi nyingine ambayo haikuwepo kabla: kusimama nyuma ya watoto wa getini na kuwashika mashati wakitaka kurukia watu. Kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko yeyote, maana aliijua aibu yake.

Nimerukia mbali. Nilikuwa nasimulia habari ya kope.

Asubuhi yake shangazi aliamka mzima. Macho yote mawili wazi, anafagia, ananisema kwa nini nguo zangu zinanuka moshi wa mabasi. Nikafurahi, nikajua ilikuwa uchovu. Kufika mchana sauti yake ilianza kupitia puani. Jioni kope likashuka, tabasamu likakataa kupanda, na ugali ukamkwama akakohoa mpaka dada akamgonga mgongo. Kesho yake hivyohivyo. Asubuhi shangazi, jioni mtu mwingine.

Majirani walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema kiharusi. Mwingine alisema wazi kuwa mama huyu ameanza kuringa, hatabasamu tena na watu wa chini. Shangazi mwenyewe alisema, "Nimezichoka sura zenu. Nimezibeba miaka mingi, acheni nipumzike." Alisema kwa utani, lakini alipojaribu kunifanyia ule utani kwa uso, uso haukwenda. Nikaona ameliona hilo kwenye macho yangu. Akageuka kuangalia mahindi yaliyoanikwa uani.

Madaktari wa Iringa walimtazama, wakaandika rufaa twende Mbeya. Tukapanda basi watatu, shangazi, dada na mimi, tukafikia chumbani kwangu Mbalizi. Dada alifungua kabati langu la vyombo akasimama muda mrefu.

"Kikombe kimoja," alisema.

"Nipo mmoja."

"Hata mgeni hujawahi kumtarajia? Mwanaume mzima na mvi hizo?"

"Mwache," shangazi alisema kutoka kitandani. "Kikombe cha pili kitamchelewesha gari."

Daktari wa Mbeya alikuwa mwanamke mmoja kijana, mpole, mwenye sweta juu ya koti jeupe. Alimwamkia shangazi, akamwambia atazame dari bila kushusha macho. Shangazi akatazama. Tukaona kope zinashuka polepole zenyewe, kama mtu anayesinzia kanisani. Kisha daktari akaleta kipande cha barafu ndani ya glavu.

"Mama, nitakuwekea hii juu ya jicho kwa muda kidogo."

"Barafu?" shangazi alisema. "Mbeya hii, mwezi huu? Mwanangu, mimi nimekukosea nini?"

Lakini akakubali. Daktari alipoiondoa barafu, lile kope lilikuwa juu. Jicho la shangazi lilikuwa wazi kabisa, linamwaga maji, linatutazama kwa mshangao. Dada alishika mkono wangu. Halikukaa sana likashuka tena, ila daktari alikuwa tayari anaandika. Alisema baridi huisaidia misuli ya aina hii kwa muda mfupi, na kwamba anadhani anajua ni kitu gani. Damu ikachukuliwa, majibu yakasubiriwa, kifua kikapigwa picha ya mashine kubwa. Tuliporudi kwake alikuwa na picha ile kwenye kompyuta.

Nitaeleza alichosema kama nilivyokielewa, na shule yangu iliishia kidato cha nne.

Alisema mwili una askari wake, chembe ndogo ndani ya damu. Wale anaowazungumzia huzaliwa kwenye uboho wa mifupa wakiwa hawajui lolote, kisha wakiwa bado wachanga huhamia kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo. Tezi hiyo inaitwa thaimasi. Kila askari anafika na mkono wa umbo lake. Hakuna aliyempangia, ni kama bahati nasibu. Wengine mikono yao inafaa, mingine haifai kitu, mingine ni ya hatari.

"Ndani ya tezi wanapewa majaribio," daktari alisema. "Chembe za mwili zina kitu kama sahani. Kila chembe huweka juu ya sahani yake vipande vya vitu vilivyomo ndani yake, ili askari apite akague. Kwa hiyo jaribio la kwanza, je, unaweza kuishika sahani ya nyumba hii? Asiyeweza hata kidogo hana kazi. Hakuna anayemwita, anajifia."

"Viazi," shangazi alisema.

"Samahani mama?"

"Endelea mwanangu."

"Jaribio la pili, anaonyeshwa sahani zenye vipande vya mwili wenyewe. Anayezing'ang'ania kwa nguvu kama amekutana na adui, huyo ni hatari. Anaamriwa ajiue."

"Na anajiua?"

"Wengi wanajiua."

"Wana adabu," shangazi alisema.

Daktari alicheka. Alisema walio wengi kabisa kati ya wanaoingia kwenye tezi ile hawatoki hai. Wanaotoka ni wale wanaoishika sahani ya nyumbani kwa wepesi, wakaiachia. Hao ndio siku wakikuta sahani ileile imebeba kitu kigeni, kipande cha kirusi tuseme, wanakamata na kupiga kelele.

Mimi kitu kilinisumbua. "Daktari, kifuani hapo hakuna jicho, hakuna kongosho, hakuna ngozi ya mguu. Hivyo vipande vya mwili mzima wanavionea wapi?"

"Umeuliza vizuri," alisema. "Ndani ya tezi kuna chembe ambazo kazi yake ni kuigiza. Zenyewe si kongosho, lakini zinatengeneza kidogo vitu vya kongosho. Si jicho, lakini zinatoa kidogo vya jicho. Ili hawa vijana wavione vyote kabla hawajatoka kwenda kukutana navyo."

Shangazi alikaa wima kwenye kiti.

"Zinaigiza?"

"Ndiyo mama."

"Na kile ambacho hazikukiigiza?"

"Kile ambacho hakikuonyeshwa," daktari alisema, "wakikikuta huko nje wanaweza kukishambulia, ingawa ni cha nyumbani."

Dada alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilijaribu kujizuia nikashindwa. "Baba mkubwa," nikasema, na dada akaangua kicheko cha aibu, na shangazi akacheka kwa nusu ya uso iliyokuwa inafanya kazi. Daktari alitutazama kama watu waliokosa usingizi. Ikabidi tumweleze habari za jikoni, viazi, geti na Biblia juu ya magoti.

Alipomaliza kucheka aliongeza jambo. Alisema wapo askari wengine wanaoshika vya nyumbani kwa nguvu kidogo kupita kiasi lakini hawauawi. Wanageuzwa kuwa watulizaji, kazi yao kuwazuia wenzao wasirukie kila kitu.

"Huyo hapa," shangazi alisema, akimwonyesha dada kwa kidevu.

Kisha daktari akageuza kompyuta, na hapo utani ukaisha. Alituonyesha kivuli. Alisema tezi hii hufanya kazi zaidi utotoni, na mtu akikua husinyaa ikageuka mafuta. Kwa umri wa shangazi ilitakiwa iwe kimya. Badala yake imeota uvimbe. Ndani ya uvimbe ule majaribio yamevurugika, wametoka wasiotakiwa kutoka, nao wamewachochea wengine watengeneze silaha dhidi ya mahali ambapo neva inaipa misuli amri. Amri inatolewa, misuli haisikii vizuri. Ukipumzika inasikia, ukiitumia inachoka. Ndiyo maana asubuhi na jioni. Vidonge vingesaidia kwa saa chache kila mara. Lakini uvimbe utakua, na udhaifu unaweza kushuka kwenye koo na pumzi. Ushauri wake ulikuwa afunguliwe kifua, tezi itolewe.

"Na uso wangu?" shangazi aliuliza. "Utarudi?"

"Unaweza kurudi, mama. Si mara moja. Miezi, labda zaidi. Siwezi kukuahidi wote."

Usiku ule nilikuwa nafikiria ile tezi inayosinyaa. Kumbe mtu anatembea ukubwani kwa kile alichoonyeshwa utotoni. Mimi niko sokoni Mbalizi, katikati ya mitumba na maparachichi, nasikia mwanamke anacheka kwa kuvuta pumzi ndani, nageuka upesi na moyo unanidunda, ndugu! Yule bibi mdogo wa Njombe nilikuwa nimemjua kwa uso wa shangazi mwaka mzima kabla ya kumwona mwenyewe. Nimezunguka nyanda hizi kwa miaka mingi na sijawahi kuwa mgeni kabisa, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Asubuhi shangazi alisema hapana. "Kifua cha mtu si begi, mkafungua na kufunga. Na kaka hajasema."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kwetu jambo la kisu halifanywi mpaka mkubwa wa ukoo aseme, na mkubwa alikuwa baba mkubwa, aliyestaafu na kuhamia Idodi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kila mmoja alikuwa anasubiri mwingine amwambie. Tukarudi Kihesa. Vidonge vilimpa shangazi nafuu ya saa chache, kisha kope likashuka, na ugali tukaacha, akawa anakunywa uji.

Nikachukua begi. Nilikuwa na kazi ya dishi Idodi, au niseme niliitafuta. Kutoka Iringa unashuka, joto linapanda, koti la asubuhi unalikunja na kulikalia. Magari ya watalii wanaokwenda mbugani yanakupita na kukuachia vumbi lao. Baba mkubwa nilimkuta nje ya nyumba yake, mgongo umenyooka, miwani ileile.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Umesali?"

"Ndiyo baba."

"Wapi?"

"Kwenye basi."

Aliniangalia juu ya miwani muda wa kutosha. Nikamweleza yote: kope, barafu, tezi, uvimbe. Nikaeleza mpaka chembe zinazoigiza, maana nilishazoea kueleza, na nilipofika hapo nikagundua nimejiingiza pabaya.

"Mlidhani nilikasirika kwa kuzuiwa getini," alisema. "Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo baba."

"Kuzuiwa na mtoto si kitu. Mtoto alifanya kazi yake. Lakini nilikaa juu ya lile jiwe nikawa nawasikia mnabishana ndani ya geti. Huyu siye yule wa mbuzi. Siye yule wa viti. Siye yule wa kucheka. Wote mnawajua! Mama yenu amewafanya wote. Nikajiuliza, na mimi? Mimi sina hata kikohozi?"

Nilitaka kucheka na sikuthubutu. Akakohoa mara mbili.

"Alikuheshimu, baba mkubwa."

"Najua. Nimeheshimiwa sana maisha yangu. Nimeheshimiwa mpaka watu wananyamaza ninapoingia." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Mwambie akafunguliwe. Mwambie kaka yake amesema. Na akipona, nataka kuiona yangu."

Nilirudi Kihesa jioni ileile. Shangazi alinisikiliza akiwa amelishika kope kwa kidole ili anione vizuri.

"Kaka amesema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Aliliachia kope, akasema kwa ile sauti ya puani, "Yake ninayo."

"Unayo?" dada aliruka.

"Tangu msichana. Nilikuwa naifanya peke yangu shambani, katikati ya mahindi. Ndiyo nzuri kuliko zote."

Akafunguliwa Dar es Salaam. Sitasimulia mengi, kwa sababu kwa sehemu kubwa nilikuwa kwenye benchi la nje nikinunua maji ya kunywa na kumpa dada, naye alikuwa ananunua na kunipa mimi. Uvimbe ulitoka wote. Alirudi Kihesa na kovu kifuani na mto mdogo wa kukumbatia akikohoa. Uso haukurudi. Mwezi ukapita, na mwingine. Mimi nilienda na kurudi, na kila niliporudi nilisimama getini kidogo, bila kusema, nikaambiwa chai ipo. Kisha siku moja tabasamu lilifika upande wa kushoto na kukaa hapo mpaka mchana. Nikapiga simu kwa watu ambao hata hawakuwa ndugu.

Mwaka huu kijana wa dada alipata kipaimara. Baba mkubwa alifika kutoka Idodi asubuhi, kabla ya wageni wote, na safari hii geti lilikuwa wazi. Wajukuu walikuwa wanacheza ndani na hakuna aliyemjua. Shangazi alipiga magoti kwa shida, akamwamkia, akamkalisha kwenye kiti kikubwa. Kisha akameza kidonge mbele yake, akasema, "Kaka, hiki kinataka muda kidogo. Tunywe chai."

Tukanywa chai. Watoto walijua kuna kitu wakaja kukaa chini mlangoni.

Shangazi aliinuka. Alichukua kitabu cha nyimbo akakiweka kwapani. Mgongo ukanyooka, shingo ikarefuka, na macho yakapanda juu ya miwani ambayo haikuwepo. Akakohoa mara mbili. Akampitia kila mmoja wetu kwa zamu, taratibu, mpaka tukaanza kukaa vizuri wenyewe, kisha akanifikia mimi.

"Umesali?"

Wajukuu waliangua kicheko. Akamgeukia mkubwa wao. "Kucheka si dhambi. Ndiyo au siyo?" Katikati ya hapo kope la kulia likaanza kushuka. Akalipandisha kwa kidole, akalishikilia, akaendelea, na sijui ilikuwaje lakini hata kile kidole kikawa cha baba mkubwa, kidole cha mwinjilisti anayeonya.

Mzee mwenyewe alikaa bila kutikisika. Kisha akasema kwa ukali, "Siyo hivyo. Mimi siinami namna hiyo."

"Unainama, kaka," shangazi alisema.

"Siinami."

"Unainama," dada alisema kutoka mlangoni, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimbishia mzee huyo tangu siku ya harusi.

Baba mkubwa alisimama. Akachukua Biblia yake, akaiweka kwapani, akatoka nje mpaka barabarani bila kuaga. Dada alishika mdomo. Tulisikia geti linafungwa. Kisha, kutoka nje, vikohozi viwili.

"Babu wa Idodi!" wajukuu walipiga kelele kwa pamoja, wakakimbia, wakagombania kufungua. Mmoja alimnyang'anya Biblia ambebee. Mwingine alimwambia, "Umesali?" na dada akamvuta shati, akachelewa.

Baba mkubwa aliingia nao wakiwa wamemning'inia, akakaa kwenye kiti kilekile, akaomba chai nyingine. Nilitazama na kuona ameinama kidogo.

Nikamgeukia shangazi. Nilikuwa na gari la saa nane kwenda Mbeya, na begi langu lilikuwa tayari mlangoni. "Na mimi je?" nikamwuliza. "Nimesubiri tangu mwaka juzi."

Lakini kope zote mbili zilikuwa zimeshuka, na tabasamu lilikuwa limerudi nusu. Alikaa kwenye kigoda akajifunika kanga.

"Duka limefungwa, baba," alisema. "Wewe ni wa asubuhi. Ukitaka kujiona, lala hapa."

Nikapeleka begi ndani.